Diski Ndogo Haina Hatia

Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mtu wa aiti wa hospitali, shule, hoteli au ofisi ya serikali akiulizwa kwa nini hifadhidata yake haina nakala ya akiba ya wiki hii, jibu huwa moja: diski imejaa. Seva ilikuja na diski ya GB 500. Bakapu ya kwanza ikaenea, ya pili ikaenea, ya tatu ikakatikia njiani. Tangu siku hiyo ombi la diski kubwa limo kwenye makadirio ya bajeti, na mpaka lipitishwe hakuna kinachonakiliwa. Wakuu wa idara wanalikubali jibu hilo, wahasibu wanaliandika, na wauzaji wa kompyuta wanalifurahia, maana mwisho wake ni risiti ya mauzo.

Jibu hilo ni baya. Ni kweli diski hujaa, na hakuna anayebisha hapo. Kosa liko katika jambo linalochukuliwa kuwa sawa bila kutamkwa: kwamba nakala ya akiba ilistahili kukaa kwenye diski hiyo tangu mwanzo. Haikustahili. Diski ingekuwa ya terabaiti nne au kumi, nakala iliyolala ndani yake ingeangamia saa ile ile data yenyewe inapoangamia, kifaa kikiungua, kikiibwa, kikiliwa na chumvi au kikifungwa na wahalifu wa mtandaoni. Mvuvi wa Mayungu hafungi nanga ya akiba kwenye kamba ile ile ya nanga ya kwanza.

Mbinu iliyoshindwa ina sura inayojulikana. Kila usiku saa nane seva inatoa nakala kamili ya hifadhidata nzima, inaiweka kwenye folda iliyo ndani ya seva hiyo hiyo, na haifuti ya jana. Siku thelathini, nakala thelathini, na kila moja imebeba tena data ileile ya miaka iliyopita ambayo haijaguswa na mtu. Kwa mwendo huo diski ya terabaiti nane nayo itajaa. Kinachobadilika ni tarehe ya kujaa.

Pwani hii ina sababu zake za kutoiamini seva moja. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na feni ya kompyuta huivuta mchana kutwa na kuitandaza juu ya saketi. Joto na unyevu wa miezi ya kaskazi hufanya kazi yao polepole. Halafu kuna mwaka kama 2023. Mnamo Aprili, maduka ya Naivas yalitangaza kwamba wahalifu wa mtandaoni wameingia katika mifumo yao na kufikia sehemu ya data. Usiku wa tarehe 25 Agosti sehemu kubwa ya nchi ilizama gizani, na Desemba umeme ukakatika tena nchini kote. Katikati ya matukio hayo, mvua za El Niño zilileta mafuriko katika Kaunti ya Kilifi. Yote hayo ndani ya mwaka mmoja, na hakuna hata moja ambalo diski kubwa zaidi ndani ya seva ileile ingelitibu.

Wanaosema data ni kubwa mno, wengi wao hawajaipima. Kipimo kizuri kipo Kilifi mjini. Mradi wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, uliofunguliwa hapo mwaka 1989, ulianzisha mwaka 2000 mfumo wa kufuatilia afya na idadi ya watu katika eneo la kilomita za mraba 891 linaloizunguka hospitali ya Kilifi. Waandishi wa mfumo huo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba, takriban kila baada ya miezi minne, wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kufikia mwaka 2011 wakazi waliomo walikuwa karibu 260,000, na taarifa zao ziliunganishwa na za wagonjwa wanaolazwa hospitalini. Chanjo ya nimokoka ilipoanza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2011, rekodi hizo ndizo zilizowezesha athari yake kupimwa Kilifi.

Sasa hesabu, ya kukadiria tu, isiyodai kueleza jinsi mradi huo unavyotunza kazi yake. Kila mkazi akipewa nafasi ya herufi 4,000, yaani kama kurasa mbili zilizopigwa chapa, watu 260,000 wanajaza GB 1 na kidogo. Wakipewa mara kumi ya hapo, ni GB 10 na nusu, na hiyo ni kabla ya kubanwa. Flashi ya kawaida inayouzwa madukani Malindi inabeba zaidi. Maisha ya robo milioni ya watu, yakiwa katika maandishi na tarakimu, ni mzigo mwepesi. Na ndiyo data isiyorudi. Mwenye nyumba anaweza kuulizwa leo ni nani anaishi kwake, lakini hakuna mama atakayekumbuka kwa uhakika mtoto wake alipandwa na homa tarehe ngapi mwaka 2004, na damu yake ilionyesha nini.

Mafaili makubwa kweli yapo. Mradi huohuo ulisoma vinasaba vya virusi vya korona vilivyozunguka Kenya kuanzia mwaka 2020, na mashine za kazi hiyo humwaga data kwa wingi. Lakini mafaili ya namna hiyo huandikwa mara moja na hayabadiliki tena. Kuyachanganya na rekodi za watu ndani ya ratiba moja ya kila usiku ni kuzibebesha rekodi mzigo usio wao.

Basi kinachojaza diski ni nini? Mfumo wa rekodi za wagonjwa wa OpenMRS unaonyesha vizuri. Ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR, iliyoenea katika vituo vya afya nchini, imejengwa juu yake. Data yake hukaa katika MySQL. Jedwali liitwalo obs huweka kila kipimo na kila jibu la kila mgonjwa kwa mstari wake: uzito, joto, matokeo ya maabara. Jedwali hilo limezungukwa na faharasa nyingi, ya mgonjwa, ya ziara, ya kituo, ya aina ya kipimo, ili daktari asikae akisubiri skrini. Faharasa za jedwali la namna hiyo zinaweza kula nafasi inayokaribia ile ya data yenyewe. Juu ya hapo kuna mapengo yaliyoachwa na mistari iliyofutwa, kumbukumbu za mabadiliko, na mara nyingi picha za karatasi zilizoskaniwa ambazo hazibadiliki kamwe.

Nakala ya maandishi haichukui faharasa hata moja. Programu ya mysqldump kwa MySQL na MariaDB, au pg_dump kwa PostgreSQL, husoma data mstari kwa mstari na kuandika maagizo ya kuijenga upya. Faharasa hutajwa tu, zije zijengwe wakati wa kurejesha. Mapengo hayamo. Maandishi yanayobaki yamejaa marudio, namba zinazofuatana, tarehe za muundo mmoja, majina ya dawa yale yale, kwa hiyo gzip au zstd huyabana hadi sehemu ndogo ya ukubwa wake. Folda ya GB 180 inaweza kutoa faili ya GB 20.

Hata hizo GB 20 hazina haja ya kugusa diski ya seva, na hapa ndipo hoja nzima ya nafasi inapoanguka. Linux ina bomba, kifaa kilichozaliwa katika Unix mwaka 1973: kinachotoka katika programu moja huingia katika nyingine bila kuandikwa popote. mysqldump inasoma, zstd inabana, programu ya tatu inasimba, ssh inasafirisha, na kompyuta iliyo mji mwingine inapokea na kuandika. Seva ya Malindi yenye nafasi ya GB chache tu inaweza kutoa nakala kamili hadi Kilifi, kilomita 60 hivi kusini. Kwa kazi hii hakuna programu ya kulipia, na hakuna diski ya kusubiri kutoka Nairobi.

Bomba lina masharti yake, na anayelipigia debe bila kuyataja anawapoteza watu. Agizo la --single-transaction ndilo linaloifanya nakala ya saa nane usiku iwe ya wakati mmoja, bila kuwafungia wauguzi wa zamu wasiandike. Lakini linalinda majedwali ya aina ya InnoDB peke yake, na majedwali ya zamani ya MyISAM hubaki nje ya ulinzi huo. Tena, wakati usomaji huo unaendelea, seva hulazimika kutunza matoleo ya awali ya mistari inayobadilishwa, na matoleo hayo yanataka nafasi. Ndiyo maana kazi hufanywa usiku, wakati wagonjwa ni wachache.

Sharti linalosahauliwa zaidi ni la makosa. mysqldump ikikatika katikati, programu ya kubana huifunga vizuri sehemu iliyoipokea, na kompyuta ya pili huona faili yenye jina sahihi na tarehe sahihi. Ofisi inaweza kukusanya faili za namna hiyo mwaka mzima, kila moja ikiwa nusu. Dawa ni maneno machache katika hati ya maagizo, set -o pipefail, ili kushindwa kwa hatua moja kuhesabiwe kuwa kushindwa kwa mlolongo wote, pamoja na kukagua mstari wa mwisho wa kila faili, ambapo mysqldump yenyewe hutangaza kwamba imemaliza. Faili isiyo na tangazo hilo itupwe asubuhi ileile na kazi irudiwe.

Wenye shaka huuliza kuhusu intaneti ya pwani. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa mwendo wa kupandisha wa megabiti 10 kwa sekunde, GB 20 huchukua saa nne na nusu hivi. Usiku mmoja unatosha na alfajiri inabaki. Wala hakuna haja ya kuirudia kila usiku. Nakala kamili inaweza kwenda mara moja kwa wiki, Jumamosi usiku, na siku nyingine yakapelekwa mabadiliko tu. MySQL huandika kila badiliko katika kumbukumbu zake za binari, na PostgreSQL katika kumbukumbu iitwayo WAL. Kituo kinachozalisha MB 300 za mabadiliko kwa siku kinayapandisha kwa dakika nne. Kinaweza kuyapandisha kila saa, na hapo seva ikifa saa tisa alasiri kinachopotea ni cha saa moja. Anayeng'ang'ania nakala kamili ya kila usiku hupoteza kazi ya mchana kutwa, na nafasi amekwisha kuimaliza.

Kumbukumbu hizo hizo huimeza diski zikiachwa bila mwenyewe, na baadhi ya malalamiko ya diski kujaa chanzo chake ni hapa. Kuanzia MySQL 8.0, kumbukumbu za binari huwa zimewashwa bila kuombwa na hutunzwa siku 30. Hospitali yenye diski finyu hubeba mwezi mzima wa mabadiliko ambao hakuna aliyeuomba wala anayeutumia. Zikishapelekwa kwenye kompyuta ya pili, siku tatu zinatosha kubaki kwenye seva. Kwa PostgreSQL hatari ni kubwa zaidi: agizo la kupeleka WAL likishindwa, kwa mfano kwa sababu kompyuta ya pili imezimwa, mafaili hujilimbikiza kwenye folda ya pg_wal mpaka diski ijae na hifadhidata isimame. Aliyeweka mfumo huo bila kengele ya kumwamsha amejenga njia mpya ya kuiangusha hospitali.

Wapo wanaojivunia njia fupi ya kunakili folda ya hifadhidata kwenye diski ya nje huku seva ikiendelea na kazi. Njia hiyo ni hatari, na ubaya wake hauonekani mpaka siku ya msiba. Faili la kwanza linanakiliwa saa nane kamili, la mwisho saa nane na dakika arobaini, na katikati hapo data imeendelea kubadilika. Mafaili yanayotoka yanasimulia nyakati tofauti, na hifadhidata hukataa kuwaka juu yake, au huwaka ikiwa na kasoro zilizojificha. Hifadhidata ikizimwa kwanza, kunakili folda kunafaa. Hoteli ya Watamu inayofunga mapokezi msimu wa mvua inaweza kufanya hivyo kwa raha. Wodi ya wazazi haiwezi.

Ushauri mwingine unaosikika sana ni kufuta rekodi za zamani ili nafasi ipatikane, na huu ndio unaopaswa kupingwa kwa nguvu zote. Kwanza, haufanyi kazi. Mistari ikifutwa katika InnoDB, faili la jedwali halipungui. Nafasi inabaki mle mle ikisubiri mistari mipya. Kuirudisha kwa mfumo wa kompyuta kunadai jedwali lijengwe upya, na kulijenga upya kunadai nafasi ya nakala ya pili ya jedwali hilo, yaani kitu kile kile ambacho hakipo. PostgreSQL ina mwendo uo huo: VACUUM ya kawaida huacha faili na ukubwa wake, na VACUUM FULL huandika jedwali zima upya kando ya lile la zamani. Aliyefuta rekodi za miaka kumi anaamka asubuhi akiwa hana rekodi na bado hana nafasi. Pili, hata kama ingefanya kazi, rekodi ya mgonjwa wa kifua kikuu wa miaka minane iliyopita ndiyo anayoihitaji daktari ugonjwa ukirudi.

Zipo taasisi zilizonunua diski mbili zinazoakisiana, au seva pacha inayofuata kila hatua ya seva kuu, na zinaamini zimemaliza kazi. Hivyo ni vifaa vizuri dhidi ya diski kufa. Dhidi ya mkono wa binadamu havisaidii kitu, kwa sababu agizo la kufuta jedwali hufika kwenye pacha kwa uaminifu uleule na kwa kasi ileile.

Kampuni ya GitLab, ambayo biashara yake yenyewe ni kutunza kazi za waandishi wa programu, ilionyesha hayo hadharani tarehe 31 Januari 2017. Seva pacha ilikuwa imebaki nyuma. Mhandisi aliyekuwa akijaribu kuirekebisha usiku alifuta folda ya data kwenye seva isiyokusudiwa, ile kuu, na katika GB 300 hivi zikabaki GB 4.5. Mbinu za akiba zilikuwa kadhaa. Nakala za pg_dump zilikuwa zikishindwa kwa sababu programu ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ya 9.6. Barua za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani. Ghala la mbali lilikutwa tupu. Kilichookoa kampuni ni picha ya diski (snapshot) ambayo mhandisi aliichukua saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa, na kuirejesha kukachukua karibu saa 18 kwa sababu ilikaa kwenye diski za mwendo wa pole. GitLab haikuwa na uhaba wa nafasi wala wa fedha. Ilikuwa na mbinu ambazo hakuna aliyezijaribu kwa kurejesha.

Picha ya diski ya namna hiyo, ambayo LVM katika Linux huitoa kwa sekunde chache, inapendwa sana na mafundi wa seva ndogo kwa sababu haionekani kula nafasi. Inakula. Kila kinachobadilishwa baada ya picha kuchukuliwa huhitaji toleo lake la zamani litunzwe pembeni, na pembeni hapo pakijaa, picha hubatilika yote. Inafaa kama ngazi ya dakika chache, ya kusomea nakala tulivu na kuipeleka nje, kisha ifutwe. Kuiita nakala ya akiba ni kujidanganya.

Kisha kuna wanaosema yote hayo ni ya kizamani, kila kitu kiende klaudi. Klaudi ni mahali pazuri pa nakala ya pili au ya tatu. Ikiwa ndiyo pekee, ukanda huu una kumbukumbu ya karibuni: tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Hospitali inayohitaji kushusha GB 40 kutoka Ulaya siku kama hiyo inarudi kwenye daftari na kalamu. Wala jengo la klaudi halina kinga ya moto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg kiliteketea, na baadhi ya wateja wakagundua kwamba nakala zao za akiba zilikuwa mahali palepale. Mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mwaka 2023 mmoja wao alipwe fidia. Fidia iliamriwa, data haikurudi.

Upinzani unaostahili heshima hutoka kwa wajuzi wa hifadhidata kubwa, ambao huona nakala ya maandishi kuwa mchezo wa watoto. Hoja yao ni ya muda. Faili ya maandishi ikirejeshwa, seva hulazimika kuingiza kila mstari na kujenga kila faharasa upya, na kwa hifadhidata ya terabaiti kadhaa kazi hiyo inaweza kudumu siku nzima au zaidi. Percona XtraBackup, mariabackup na pg_basebackup hunakili mafaili yenyewe kwa utaratibu salama huku seva ikifanya kazi, na kurejesha kwake hukaribia mwendo wa kunakili tu. XtraBackup hutoa pia nakala za nyongeza, na PostgreSQL ilipata uwezo huo ndani yake yenyewe katika toleo la 17 la Septemba 2024. Wako sahihi, kwa hifadhidata zao. Benki ya Nairobi ifuate ushauri wao bila kusita. Lakini nakala ya mafaili hubeba faharasa na mapengo, hivyo ni kubwa. Tena hutaka toleo linalolingana la programu siku ya kurejesha. Kwa zahanati, chama cha akiba na mikopo, shule ya upili, au shirika la Watamu linaloandika viota vya kasa, ambako hifadhidata yote ni makumi ya gigabaiti, maandishi yaliyobanwa hurejeshwa ndani ya saa chache kwenye laptopu ya kawaida yenye toleo jipya au la zamani kidogo. Katika hali hizo makala haya yanaona kumsukuma mtu wa aiti aliye peke yake kwenye zana nzito ni kumwongezea njia za kukosea.

Kwenye kompyuta ya pili nako nafasi hutunzwa kwa akili. Programu za restic na BorgBackup hukata data vipande, hutambua vilivyokwisha kuhifadhiwa na kuandika vipya tu, kwa hiyo nakala kamili za wiki kumi zinaweza kukaa katika nafasi inayozidi kidogo ile ya nakala moja. Kuna mtego hapa ambao huwanasa hata wazoefu: faili iliyobanwa au kusimbwa kabla ya kufika kwenye programu hizo huonekana mpya yote, hata kama kilichobadilika ni mstari mmoja, na faida nzima hupotea. Anayezitumia aondoe hatua hizo mbili katika bomba: maandishi yaingie mabichi, kubana na kusimba kufanywe na programu hizo zenyewe. Kwa anayetaka urahisi zaidi, nakala nne za wiki, kumi na mbili za mwezi na moja ya kila mwaka zinatosha kwa taasisi nyingi za ukubwa huo.

Kusimba si hiari pale data inapohusu watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa data nyeti, na haikuishia kwenye usiri: inamtaka anayezitunza aweze pia kurejesha upatikanaji wake kwa wakati baada ya ajali. Kukosa nakala ya akiba, kwa hiyo, ni zaidi ya uzembe wa kiufundi. Ufunguo wa kusimbua uandikwe kwenye karatasi, ukae kwenye kabati la chuma la mkuu wa taasisi, mbali na seva na mbali na kompyuta ya pili, kwa sababu nakala ambayo ufunguo wake umeungua pamoja na seva haitafunguliwa na mtu yeyote.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai. Mtu wa aiti aliyeandika tena ombi la diski ya terabaiti 4 ana nafasi ya kuubadili mstari huo uwe na mambo mengine. Kompyuta ya pili, hata kama si mpya, iwekwe mji mwingine katika chumba kinachofungwa, na iwe yenyewe ndiyo yenye diski kubwa. UPS moja kila upande. Na siku moja ya kazi katika kila robo ya mwaka, iliyoandikwa kwenye ratiba na kutambuliwa na mkuu, ya kuichukua nakala ya Jumamosi iliyopita, kuirejesha kwenye mashine tupu na kupima kwa saa imechukua muda gani. Daktari au mhasibu, wala si fundi, afungue rekodi kumi anazozijua na kutia saini kwamba amezikuta zimo na ziko sawa. Bajeti ikichelewa, kuna kompyuta ya mezani imekaa stoo bila kazi katika taasisi nyingi za Malindi na Kilifi, na hiyo inaweza kuanza kupokea nakala Jumamosi hii.